Nondo Tatu za Mgeta

Palikuwa na kijana mmoja katika vijiji vya juu vya Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, aliyemaliza Kidato cha Sita mjini Morogoro akarudi nyumbani na sifa ya hesabu. Simtaji jina wala kijiji, kwa kuwa hii ni hadithi ya kufundishia. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo shamba alilolitamani halikuwa la baba yake. Lilikuwa la ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake alikuwa mjomba.

Shamba lenyewe lilikuwa kwenye mteremko mkali, na katikati yake palikuwa na kikorongo ambamo wazee walikuwa wameiacha mikuyu na mikenge bila kuigusa. Udongo wa humo ulikuwa mweusi na haukukauka hata kiangazi. Chini ya kikorongo ilikaa nyumba ya familia, jiko la miti, na banda la mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei, ambao Mgeta imewafuga tangu miaka ya 1980. Kijana aliutazama udongo ule mweusi akaona karoti na kabichi zikishuka kwa gari hadi soko la Morogoro. Mjomba aliutazama udongo ule ule akasema miti isikatwe, mlima utashuka.

Kijana hakubishana. Alikuwa amejifunza kwamba asiye na namba hana hoja, basi akaenda kutafuta namba. Alinunua vipande vitatu vya nondo, akavigongomelea kwenye mteremko, viwili shambani na kimoja ukingoni mwa kikorongo, na kila kimoja akakipaka alama ya rangi nyekundu pale kilipokutana na ardhi. Udongo ukiondoka, nondo itajitokeza chini ya alama, na kilichojitokeza kitapimwa kwa rula. Watafiti wa mmomonyoko hutumia mbinu ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo hakuwa mjinga hata kidogo. Kila Januari alipima, akachukua wastani wa nondo tatu, akaandika daftarini.

Baada ya miaka mitano akapanda kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Naona leo umekuja na daftari."

"Nimekuja na jibu. Katika miaka mitano udongo umeshuka milimita 20. Gawanya kwa tano, ni milimita 4 kwa mwaka. Nimechimba mpaka kwenye mwamba, nimekuta udongo una kina cha milimita 1,200. Gawanya kwa 4. Shamba hili lina miaka 300 ya kuishi, mjomba. Hata kama bila miti mwendo utaongezeka maradufu, bado tuna miaka 150."

Mzee aliitafakari miaka 300. Reli ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, na hata hiyo ilikuwa kabla ya yeye kuzaliwa.

"Hizo nondo ulikuwa unazisoma lini?"

"Kila Januari."

"Na kati ya Januari na Januari?"

"Hakuna haja. Unachukua ya mwisho, unatoa ya mwanzo, unagawanya kwa miaka. Inatosha."

"Inatosha kwa nini?"

Kijana alidhani mzee hakuelewa, akaanza kumweleza kugawanya upya, polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba asomewe kilichoandikwa kwa kila mwaka, mmoja mmoja. Kijana akasoma: mwaka wa kwanza milimita 1, wa pili 0, wa tatu 2, wa nne 1, wa tano 16.

"Sasa hiyo 4 yako imo mwaka gani?"

Haikuwamo. Hakuna mwaka hata mmoja mlima ulioshuka milimita 4. Minne ulikuwa umekaa kimya, na mmoja uliruka. Kijana alijibu kwamba hivyo ndivyo wastani ulivyo, kazi yake ni kusawazisha. Alisema kweli. Mjomba akakumbuka kuwa mwaka wa tano ndio ule wa mvua ya usiku iliyong'oa daraja la miti, lakini hakuwa na namba ya kuweka mezani, na mbele ya daftari kumbukumbu ya mzee huonekana kama porojo. Akakubali kwa shingo upande. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba nyumba ihamishwe kutoka chini ya kikorongo. Kijana alisema ataihamisha akishauza mavuno ya kwanza.

Miti ikakatwa. Mwaka wa kwanza karoti zilikuwa nene kama mkono wa mtoto. Mwaka wa pili vilevile, na wale waliokuwa wakimcheka mjomba wakaongezeka. Kuna jambo hapa ambalo daftari lisingeweza kulionyesha: mti ukikatwa, mizizi yake haifi siku hiyo hiyo. Huoza kidogo kidogo, na nguvu yake ya kuushika udongo hupungua kwa miaka kadhaa baada ya shoka. Kikorongo kilikuwa bado kinashikwa na mikuyu ambayo haipo tena.

Masika ya mwaka wa tatu, alasiri moja, ilinyesha mvua ya kawaida kwa jumla yake na isiyo ya kawaida kwa haraka yake. Kabla ya magharibi kikorongo chote kiliachia, udongo na karoti na mawe, kikapita juu ya jiko na banda la mbuzi. Watu walikuwa msibani kijiji cha jirani, ndiyo maana hadithi hii inasimulika bila kilio. Mbuzi hawakuwa msibani.

Siku ya pili kijana alikwenda kutafuta nondo zake. Ile ya ukingoni mwa kikorongo haikupatikana. Mbili zilizobaki shambani alizipima kwa mazoea tu, rula ikasoma milimita 3 tangu Januari. Pungufu ya wastani.

Hebu tulifunue lile daftari, maana kosa limo humo na ni kosa zuri, la aina ambayo hata wasomi wakubwa huifanya wakiwa wamevaa tai.

Urefu wa nondo uliojitokeza hutegemea muda. Taja muda wowote tangu siku ya kugongomelea, na nondo itakupa urefu mmoja tu. Uhusiano wa namna hiyo, unaotoa jibu moja kwa kila namba unayouingizia, ndio wanaouita fanksheni, na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ameshakutana nayo. Tuuandike S(t), t ikiwa miaka. Ukijumlisha namba za kijana unapata S(0) = 0, S(1) = 1, S(2) = 1, S(3) = 3, S(4) = 4, S(5) = 20.

Wastani wa badiliko kati ya muda a na muda b ni hesabu fupi: S(b) toa S(a), kisha gawanya kwa b toa a. Kwa miaka yote mitano ni 20 kugawanya kwa 5, yaani 4. Hesabu ya kijana haina dosari. Lakini angalia kilichoingia ndani yake: namba nne tu, mbili za muda na mbili za nondo, zote za kwenye ncha. Vipimo vya miaka ya katikati havikugusa jibu hata kidogo. Kama mwaka wa kwanza ndio ungekuwa na milimita 16 na mingine minne ikagawana zile 4 zilizobaki, jibu lingekuwa 4. Kama kila mwaka ungeshuka milimita 4 kwa utulivu, jibu lingekuwa 4. Milima mitatu yenye tabia tatu tofauti, na wastani hauwezi kuitofautisha, kwa sababu hajaulizwa mtu aliyekuwapo katikati.

Chora grafu uone. Weka muda kwa mlalo, urefu wa nondo kwa wima. Alama za kijana zinatambaa karibu na sakafu kwa miaka minne, halafu zinapanda kama ukuta. Wastani wa badiliko ni mteremko wa mstari mnyoofu unaounganisha alama ya kwanza na ya mwisho, basi. Mstari huo unadai kwamba mwishoni mwa mwaka wa tatu nondo ilikuwa imejitokeza milimita 12. Rula ilisema 3. Mstari na mlima vilikutana mwanzoni na mwishoni, na katikati kila mmoja alipita njia yake.

Sasa badilisha ncha. Kutoka mwaka 0 mpaka 4, wastani ni milimita 1 kwa mwaka. Kutoka 4 mpaka 5, ni 16. Daftari moja, nondo zile zile, na majibu matatu: 1, 4, 16. Hakuna lililo la uongo. Kwa hiyo mtu akikuambia "kasi ya wastani ni kadhaa" bila kukutajia kuanzia lini mpaka lini, hajakuambia kitu. Na akikutajia, bado muulize kwa nini alizichagua ncha hizo. Anayeuza shamba atasimama mwaka wa nne. Anayetaka fedha za mradi wa kuhifadhi udongo ataanzia hapo.

Swali la mjomba ndilo lililokuwa la kitaalamu kuliko yote: inatosha kwa nini? Kama kijana alitaka kujua ni udongo kiasi gani umeondoka kwa miaka mitano ili auongezee samadi, milimita 4 kwa mwaka zilitosha kabisa. Kwa mambo yanayojumlishwa, wastani ni rafiki mwaminifu. Yeye aliuliza kama kikorongo kitaanguka, na hilo ni jambo linalotegemea saa mbaya kuliko zote, wala si jumla ya saa zote.

Wastani nao una haki yake, nisije nikauonea. Barabara ya Morogoro hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 190, na sheria yetu inalizuia basi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Basi likitoka Msamvu saa mbili kamili asubuhi na kuingia Dar saa nne kamili, wastani wake ni kilomita 95 kwa saa. Hapo huhitaji tochi ya askari wala ushahidi wa abiria aliyekuwa akichungulia dashibodi. Wanahisabati walishathibitisha kwamba kitu kinachosogea bila kuruka kutoka mahali hadi mahali lazima, angalau wakati fulani, kiwe kilikwenda kwa kasi ile ile ya wastani wake. Basi hilo lilivunja sheria, mahali fulani, hata kama hatujui ni Mikese au Chalinze. Ila hoja hiyo haigeuzwi. Basi lililotumia saa nne lina wastani usiofika 48, na wastani huo haulitakasi hata kidogo. Linaweza kuwa lilikaa saa nzima kwenye foleni ya Kibaha na kufidia kwa kilomita 120 kwa saa penye lami tupu. Wastani mkubwa unaweza kumtia mtu hatiani. Wastani mdogo haumsafishi. Kijana wa Mgeta aliitumia milimita 4 yake kama cheti cha tabia njema.

Anayedhani nimetia chumvi kwenye kikorongo asome kilichotokea huko huko Mgeta Jumatatu ya tarehe 23 Februari 1970. Siku hiyo ilinyesha mvua ya milimita 100.7 kwa muda usiofika saa tatu. Mlima uliachia zaidi ya mara elfu moja. Maporomoko zaidi ya elfu, mengi yakiwa membamba na ya kina kifupi, kama mita moja hivi, yakachana mashamba na kumwaga tope mitoni. Wanajiografia Temple na Rapp walifika, wakahesabu na kuchora, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 1972 bado husomwa na wanaojifunza milima ya kitropiki.

Tuipige mvua hiyo hesabu ya kijana. Mgeta hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Kwa siku 365 ni chini kidogo ya milimita 3 kwa siku, ambayo ni manyunyu yasiyokuzuia kwenda kisimani. Kwa saa, ni sehemu kama moja ya tisa ya milimita. Mwaka mzima ukitazamwa hivyo, Mgeta ni mahali pa ukungu mwembamba usiokatika.

Tusogeze ncha. Vituo vingi vya mvua husomwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi. Anayesoma saa hiyo angekuta milimita 100.7 na, akizigawanya kwa saa 24, angepata kama milimita 4 kwa saa. Hiyo bado ni mvua ya kukaa barazani na kumenya maharage. Sasa zigawanye kwa saa tatu. Zinakuwa zaidi ya milimita 33 kwa saa, karibu mara 300 ya wastani wa mwaka. Maji ni yale yale, tone kwa tone. Kilichobadilika ni kigawanyo tu, na kwa kigawanyo hicho ndipo maporomoko elfu moja yanapoeleweka.

Yanaeleweka kwa sababu udongo wa mlima una pampu yake, tena ya polepole. Maji yanayoingia juu hushuka mpaka kwenye mwamba na kutoroka pembeni kwa mwendo wake. Mvua ikija taratibu, kinachoingia na kinachotoka hulingana, na udongo hubaki umekaa. Mvua ikija kwa haraka kuliko udongo unavyoweza kuitoa, maji hujaa kwenye vitundu vya udongo, yanausukuma kutoka ndani, uzito unaongezeka na mshiko unapungua, na tabaka lote linateleza juu ya mwamba. Mlima hauna habari na milimita 1,000 za mwaka. Haulipwi kwa mwezi.

Hata saa tatu ni pana mno. Tuchukue kipima mvua cha mfano, namba za kufundishia tu: saa nane mchana kina 0, saa tisa milimita 12, saa kumi 71, saa kumi na moja 100. Wastani wa saa tatu ni 33 na kitu. Wa saa ya katikati pekee ni 59. Punguza tena, chukua nusu saa, chukua dakika kumi, na kila unapozisogeza ncha karibu unapata habari ya dakika yenyewe badala ya habari ya alasiri nzima. Ukiendelea hivyo bila kikomo unaingia kwenye kasi ya papo hapo, jambo ambalo Newton na Leibniz walilijengea hisabati nzima katika karne ya 17. Lakini chombo cha mkononi kina mpaka wake. Ukikosea nusu milimita katika kipimo cha siku, hakuna atakayejua. Ukikosea nusu milimita ile ile katika kipimo cha dakika moja, umezua mvua ya milimita 30 kwa saa ambayo haikunyesha. Wembamba wa muda uendane na ubora wa kipimo, la sivyo utaanza kuogopa mtetemo wa mkono wako mwenyewe.

Temple na Rapp waliona jambo jingine ambalo mjomba asingeshangaa kulisikia. Karibu maporomoko yote yalianzia mashambani au penye majani. Yaliyoanzia ndani ya miti hayakufika moja katika mia.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa imeshapambana na mmomonyoko wa Uluguru kabla ya hapo. Mwaka 1950 ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, kazi ngumu iliyofukua udongo usio na rutuba na kuufukia ule mzuri. Watu waliuchukia, ghasia zikazuka mwaka 1955, mpango ukafa. Mpango ule ulipigana na udongo unaopotea kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Sioni ulivyojiandaa kwa alasiri moja ya Februari.

Hesabu ya ncha mbili imefanywa pia kwa msitu. Mwaka 1955 msitu wa asili wa Uluguru ulikuwa kama kilomita za mraba 300. Kufikia mwaka 2000 hivi zilibaki kama 230. Sabini kwa miaka 45 ni kilomita ya mraba moja na nusu hivi kwa mwaka, na mwenye kupenda kugawanya atakuambia bado tuna karibu miaka 150. Ni miaka 150 ile ile ya kijana, sikuipanga. Ila msitu haukupungua sawasawa pande zote kama sabuni. Sehemu kubwa ya hasara ilikuwa kwenye miteremko ya chini na kwenye pengo la Bunduki, ambako msitu wa kaskazini na wa kusini ulikuwa umeunganika, na hapo uliisha. Kwa ndege wa misituni, ambaye hapendi kuvuka mashamba ya wazi, pengo lile lina uzito kuliko kilomita zote 70 zilizosawazishwa. Hifadhi ya mazingira asilia ya Uluguru ilitangazwa mwaka 2008 ikaziunganisha hifadhi za kaskazini, kusini na Bunduki. Kwenye karatasi mstari umerudi. Miti ya pale katikati inahitaji muda mrefu zaidi.

Na maji ya mlima huu hayaishii Morogoro. Mto Ruvu unaanzia Uluguru na ndio unaoinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Oktoba 2022 jiji lilitangaziwa mgawo wa maji kwa sababu Ruvu ulikuwa umepungua mno. Jumlisha maji ya Ruvu ya mwaka mzima, yagawanye kwa siku, na utashangaa mgawo umetoka wapi. Mto unapita kwa fujo Aprili na kuyatupa maji baharini, kisha Oktoba unakwenda kwa kuvuta miguu, na ndoo ya mama wa Kimara haijazwi na wastani. Bwawa la Kidunda linalojengwa mkoani Morogoro, lililokusudiwa kuhifadhi kama mita za ujazo milioni 190, kazi yake hasa ni hiyo: kupokea kwa haraka na kutoa polepole. Ukipenda, ni mashine ya kuulazimisha mto ufanane na wastani wake. Bila mashine hiyo, haufanani.

Nina ombi moja kwa walimu wa shule za milimani, kuanzia Mgeta na Bunduki mpaka Matombo na Kinole. Kipima mvua si kitu cha gharama: kopo lenye pande zilizonyooka, rula, na mahali pa wazi mbali na miti. Shule nyingi zikijaribu huandika namba moja kwa siku, na namba hiyo ina faida kwa mkulima anayepanga mbegu. Waambieni wanafunzi waongeze safu mbili daftarini, saa mvua ilipoanza na saa ilipokoma. Wenye subira wasome kopo kila nusu saa wakati mvua kubwa inaponyesha, na wasijumlishe chochote mpaka wawe wameziandika namba zote. Somo la wastani wa badiliko litakuwa limeshafundishwa nusu, na kijiji kitakuwa na kumbukumbu ambayo mjomba hakuwa nayo siku alipokosa namba ya kuweka mezani.